Kusukuma wimbo Dar, Nairobi, Kampala na Bujumbura kwa wakati mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wasanii na mameneja ambao tayari wana wimbo unaosikika nyumbani na sasa wanataka uvuke mpaka. Majibu ni ya mtu wa simu na WhatsApp, yaani yule anayekaa katikati ya msanii na chumba cha habari, kwa hiyo usitarajie siri za studio wala ushauri wa namna ya kutunga kiitikio.

Wimbo wangu unapigwa sana Dar. Naanzia nchi gani?

Usianzie kwenye ramani, anzia kwenye takwimu zako. YouTube Studio inakuonyesha watazamaji wako wako nchi gani. Spotify for Artists na Apple Music for Artists zinashuka mpaka kwenye miji, na ile ya Apple inakuonyesha pia watu wanapoutafuta wimbo kwa Shazam. Hiyo ya Shazam naipenda kuliko zote, kwa sababu mtu hatoi simu mfukoni kuuliza "huu wimbo wa nani?" ila pale ausikiapo mahali: baa, harusini, ndani ya matatu, redioni. Ukiona Mombasa au Bujumbura inachomoza na hujatuma hata ujumbe mmoja huko, hapo pana mlango ulio wazi nusu.

Kisha chagua nchi mbili. Najua umekuja na orodha ya saba. Chagua mbili.

Kwa nini mbili? Barua pepe ya kwenda nchi saba si ni ileile tu?

Kutuma ndiyo sehemu rahisi. Kazi inaanza siku ya pili, unapofuatilia: mtangazaji hajafungua, dijei anataka toleo lisilo na sauti ya mwimbaji, gazeti linataka picha ya kusimama (ya wima) badala ya ya kulala (ya mlalo), kipindi kimehamishwa kutoka Alhamisi hadi Jumanne. Mtu mmoja aliyeko Sinza hawezi kufuatilia hayo Kampala, Kigali, Lubumbashi na Muscat wiki moja na bado akalala. Matokeo yake kila nchi inapata ujumbe mmoja mkavu, hakuna anayejibu, halafu msanii anahitimisha kwamba "Wakenya wanatubania". Hawajakubania. Hawajui upo.

Kampeni ya nchi nyingi ni kampeni nyingi ndogo zinazotumia wimbo mmoja. Kila moja ina walinzi wake wa mlango, kalenda yake na lugha yake.

Nani awe mtu wangu kule?

Mtu anayeishi kule na anayejulikana na watangazaji kwa jina. Anaweza kuwa promota mdogo, dijei wa klabu, mwandishi wa burudani aliyeacha gazeti, au msaidizi wa msanii mwingine mwenye muda wa ziada. Namna nzuri ya kumpata ni kumuuliza msanii wa nchi hiyo wa kiwango chako (usimuulize nyota, hatajibu): "Nani alikupeleka redioni?" Jina likitajwa na watu wawili wasiofahamiana, mpigie.

Mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp usiofutwa: atafikisha wimbo kwa nani, kwa wiki ngapi, analipwa lini. Mlipe nusu mwanzo na nusu baada ya ripoti. Ripoti maana yake ni majina ya vipindi, tarehe, na jibu la kila aliyeguswa, hata jibu likiwa "hapana". Anayekuletea tu "mambo yanaenda poa mkuu" hana ripoti.

Tofautisha pia mtu huyu na chawa. Chawa anakusifia kwenye maoni ya Instagram, na kazi hiyo ina soko lake, lakini ufunguo wa studio ya redio Kisumu hanao.

Ujumbe wa kwanza kwa mtangazaji uandikweje?

Mfupi, wenye adabu ya mahali husika, na unaoonyesha kwamba unakijua kipindi chake. Huu ni wa Dar:

"Habari za asubuhi dada. Naitwa fulani, nafanya kazi na msanii fulani wa Tanga. Ijumaa tunaachia wimbo mpya, dakika 2 na sekunde 50, hauna lugha chafu. Huwa nasikia Jumatano mnapiga nyimbo mpya mara baada ya taarifa ya habari, nikaona unafaa pale. Linki ya kusikiliza hii hapa. Ukiupenda nakutumia faili zote. Kazi njema."

Mtangazaji mkongwe wa Dar au wa Pwani umwanze kwa shikamoo, na usiruke kwenye shida yako kabla hajaitikia. Ujumbe huohuo ukienda Nairobi, ondoa mzunguko: jina, msanii, mstari mmoja wa sababu, linki. Pale mtu hukasirishwa na kupotezewa muda kuliko kukosewa salamu, na barua pepe bado inasomwa, hasa magazetini. Dar, WhatsApp ndiyo ofisi.

Kwa Bujumbura, Kinshasa na Lubumbashi andaa wasifu wa Kifaransa ulioandikwa na mtu anayekijua, si ule wa programu ya kutafsiri. Mwandishi wa Lubumbashi atakuelewa vizuri kwa Kiswahili ukimpigia, lakini makala yake huenda ikatoka kwa Kifaransa, na ukimpa maandishi tayari umemwokolea jioni.

Usimtumie mtu faili la megabaiti 80 bila kumuuliza. Bando ni lake.

Kiswahili changu kinatosha nchi zote hizi?

Kinafika mbali, lakini hakifiki sawasawa kila mahali. Congo ina lugha nne za taifa, na Kiswahili ni cha mashariki na kusini-mashariki: Goma, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi. Kinshasa ni Kilingala. Kampala, redio inayowafikia watu wa kawaida inaongea Kiganda, kwa hiyo unahitaji mtu wa kukusindikiza studio na kukutafsiria hewani, au angalau salamu na sentensi mbili ulizojifunza ukazitamka vizuri. Kigali na Bujumbura kuna Kinyarwanda na Kirundi, ingawa muziki wa Bongo Fleva umezoeleka huko miaka mingi.

Msanii wa Nairobi anayekwenda Dar ana mtihani wa aina yake. Watangazaji watamhoji kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na Sheng ya Eastlands haitamvusha dakika arobaini. Si lazima aige lafudhi ya Kariakoo, watu watamcheka. Aongee polepole, Kiswahili chake cha shule, na wasikilizaji watampenda kwa kujitahidi.

Mahali lugha isipofika, mwili unafika. Mwaka 2014 "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo, wimbo wa Kiganda, ulizunguka dunia kwa sababu ya video ya watoto wa Kampala wakicheza, wale waliokuja kujulikana kama Ghetto Kids. Miaka kumi baadaye Diamond Platnumz alitoka na "Komasava", jina lililochezea salamu ya Kifaransa, na mtindo wa kucheza ulitangulia mashairi kila ulipokwenda. Kama wimbo wako una sekunde kumi na tano za kuchezeka, fedha ya tangazo ipeleke kwa wachezaji kabla ya kuipeleka kwa mtu mwingine yeyote.

Tarehe gani ni nzuri ya kuachia?

Tangu Julai 2015 dunia ya majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni huachia Ijumaa, na orodha za nyimbo mpya husasishwa siku hiyo. Ukitaka kuwemo, nenda na Ijumaa. Kwa YouTube peke yake haina uzito sana, ndiyo maana wengi Tanzania huachia siku yoyote wanayoona mjini pametulia.

Lakini kalenda ya kweli ya ukanda huu haimo kwenye majukwaa. Chukua karatasi uandike yafuatayo kabla ya kuchagua wiki.

Ramadhani husogea nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Katika mwezi huo, Zanzibar, Mombasa, Lamu, Tanga na Oman si mahali pa kusukuma wimbo wa klabu. Redio nyingi za Pwani hubadilisha vipindi, kumbi hupumzika, na hata shabiki wako mkubwa hatataka kuonekana akiupakia. Wiki ya Idi, kinyume chake, ni dhahabu.

Aprili 7 Rwanda huanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Wiki hiyo nzima burudani husimama, na kipindi cha maombolezo huendelea hadi Julai 4. Kumtumia mtangazaji wa Kigali wimbo wa kulewa tarehe 8 Aprili kunakuharibia jina kwa miaka. Nimeona mameneja wakifanya hivyo kwa kutojua tu, kwa sababu walipanga kampeni nzima wakitazama kalenda ya Dar. Burundi nayo huadhimisha Aprili 6 kifo cha Rais Ntaryamira.

Uchaguzi. Wiki za mwisho za kampeni za siasa vyombo vya habari havina nafasi, na intaneti yenyewe huwa haina uhakika. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021 kabla ya kura. Tanzania ilizuia X Mei 2025. Panga ukijua mtandao mmoja unaweza kutoweka usiku mmoja, na usiweke mayai yote ya nchi kwenye akaunti moja.

Desemba kila mtu anataka kuingia. Sherehe ni nyingi, madijei wanatafuta nyimbo, lakini nyota wakubwa nao wanaachia. Msanii mdogo anafaidika zaidi akiingia mapema Novemba ili Desemba ikute wimbo umeshazoeleka masikioni. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni nafasi ambayo wachache huitumia: idhaa za Kiswahili zinatafuta habari za lugha wiki hiyo, na msanii mwenye mashairi yaliyosukwa vizuri ana jambo la kuzungumza.

Saa ngapi hasa?

Majukwaa mengi hufungua wimbo saa sita usiku ya kila mahali, hivyo Muscat watausikia saa moja kabla ya Dar na Nairobi, na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi saa moja baadaye. Kinshasa iko nyuma saa mbili. YouTube hufungua kwa wote kwa mpigo. Kwenye mialiko ya mahojiano andika saa kwa tarakimu za 24 pamoja na jina la mji: "21:00, Nairobi". Ukiandika "saa 3" kwa kundi lenye Mtanzania, Mganda na Mkongo, mmoja wao atakosa kipindi.

Na kama unataka kukutana na Waomani wenye Kiswahili chao, kumbuka wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi.

Redio bado ina maana?

Ina maana kuliko vijana wa mitandao wanavyokubali. Dereva wa lori kutoka Tunduma mpaka Lubumbashi hasikilizi kwa bando. Saluni ya Kigoma, duka la nyama Kisii, bajaji ya Mombasa, kote redio imewashwa toka asubuhi. Tatizo ni kwamba wasanii wanapigania stesheni mbili kubwa za mji mkuu na kuziacha za mikoani, ambako mtangazaji anajibu simu mwenyewe na atafurahi kwamba umemkumbuka. Wimbo ulioshika Mwanza unavuka Ziwa bila pasipoti. Ulioshika Kigoma unafika Bujumbura na Uvira.

Halafu kuna idhaa za kimataifa: BBC Swahili iliyoanza 1957, DW Kiswahili 1963, RFI Kiswahili 2010. Hawa hawapigi wimbo kwa kurudiarudia, kwa hiyo usiwapelekee "ngoma mpya kali". Wapelekee habari: kijana wa kambi ya wakimbizi aliyerekodi albamu, kikundi cha taarab kinachorithisha ala, dada anayeimba kwa lahaja ya Kimvita. Congo kuna Radio Okapi, iliyoanzishwa 2002, inayotangaza kwa Kifaransa na lugha zote nne za taifa.

Nairobi usisahau matatu. Magari ya njia kama Rongai na Umoja yana skrini na muziki mkubwa, na mixi inayochezwa humo inatengenezwa na madijei wanaojulikana kwa makondakta. Wimbo ukiingia kwenye mixi hizo abiria hawana pa kukimbilia.

Kenya hiyohiyo, hakikisha una msimbo wa Skiza. Shabiki wa Safaricom anautuma kwenda 811 na wimbo wako unakuwa mlio wa anayempigia. Mtanzania anayeingia Kenya bila msimbo wa kutaja hewani anaacha fedha mezani. Unaupata kupitia kampuni zenye mkataba na Safaricom, na huchukua muda, kwa hiyo omba kabla wimbo haujatoka.

Kwenye majukwaa, niweke nguvu wapi?

Inategemea nchi. Boomplay ilikuja ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel, ndiyo maana ina watu wengi wa kawaida Tanzania na Kenya. Mdundo ni ya Kenya na ni ya watu wa kupakua, hasa mixi za madijei. Spotify ilifungua Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021, na wasikilizaji wake wengi ni wa mijini na walioko ughaibuni. Ghuba kuna Anghami, iliyoanzia Lebanon mwaka 2012. Juu ya hizo zote kuna YouTube, ambayo kwa ukanda wetu ndiyo redio, televisheni na maktaba.

Mpe msambazaji wako, yaani kampuni inayokupandishia wimbo kwenye majukwaa, wimbo wiki nne kabla. Spotify inataka upendekeze wimbo kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla ya kutoka, na wimbo ukishatoka mlango umefungwa kwa wimbo huo. ISRC, ule msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaotambulisha rekodi, uandike mahali salama. Ukihama msambazaji, hama nao, la sivyo hesabu zako za zamani zitabaki upande wa pili. Remiksi inapata msimbo wake mpya.

Mtangazaji ameniomba "kitu kidogo". Nifanye nini?

Swali hili linaulizwa kwa kunong'ona, basi nijibu kwa sauti. Kuna stesheni zinazouza nafasi ya tangazo, zinakupa ankara na risiti, na wimbo wako unatangazwa kama tangazo. Hiyo ni biashara. Kuna mtu binafsi anayetaka umtumie kwa simu yake ili aupige kana kwamba ameupenda. Huyo ukimlipa leo, Ijumaa ijayo kuna atakayemlipa zaidi, na wimbo wako unatoka hewani bila maelezo. Isitoshe umeshatangaza bei yako kwa mji mzima, kwa sababu watangazaji wanaongea.

Jibu ambalo halivunji uhusiano: "Sawa kaka, naomba ankara ya ofisi niipeleke kwa uongozi." Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo bila ugomvi. Na tofautisha hilo na nauli. Dijei aliyetoka Bujumbura mpaka Ngozi kwa ajili ya onyesho lako, mlipie usafiri na chakula kwa heshima zote.

Kiki inasaidia kuvuka mpaka?

Kiki, yaani kituko cha kutafuta kuzungumziwa, ni bidhaa ya nyumbani. Ugomvi wako na mchumba wa zamani una maana kwa wanaomjua huyo mchumba, na msikilizaji wa Gulu hamjui. Atasoma kichwa cha habari bila kusikia wimbo. Ndani ya Tanzania kiki inaweza kukupa wiki mbili, sikatai, ingawa mimi binafsi huwa nakataa kazi ya aina hiyo kwa sababu mwandishi aliyedanganywa mara moja hafungui ujumbe wangu wa pili, na ule wa pili huenda ni wa msanii mwingine kabisa.

Mahojianoni utaulizwa udaku kwa vyovyote. Andaa mambo matatu ya kweli unayotaka kuyasema, na uyarudie hata swali likiwa juu ya nani analala wapi.

Kuna mtu ananihakikishia watazamaji milioni moja kwa wiki.

Muulize watatoka nchi gani. Atababaika. Tangazo la YouTube lisilowekewa mipaka ya nchi hukimbilia penye bei rahisi, na unajikuta na laki kadhaa za watu wa nchi ambayo hutafanya onyesho kamwe. Tangu Septemba 2019 YouTube haihesabu watazamaji wa matangazo ya kulipia kwenye chati zake za muziki, kwa hiyo hata sifa ya chati hupati. Kwenye Spotify ni hatari zaidi: usikilizaji wa kughushi hufutwa, msambazaji hutozwa faini na huipeleka kwako, na wimbo unaweza kushushwa. Tangu 2024 Spotify pia hailipi kwa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, jambo ambalo limewafanya wauza namba wapate kisingizio kipya cha kukushawishi. Bora elfu tatu za Nakuru na Arusha.

Je, nahitaji vibali?

Kuhojiwa na kufanya onyesho ni vitu viwili. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huvuka mipaka mingi bila taabu, lakini ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kupanda jukwaani kwa malipo. Uliza mwandaaji akuonyeshe kibali cha onyesho kabla hujapanda basi. Tanzania Bara jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na uwaulize masharti ya kwenda kutumbuiza nje. Zanzibar ina baraza lake, BASSFU, na kibali cha Bara hakikutoshi kule.

Maudhui nayo yanasafiri na msanii. Novemba 2018 BASATA ilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, na Desemba, baada ya kuupiga jukwaani, wakazuiwa kutumbuiza ndani na nje ya nchi. Wimbo ulioupigia kampeni nchi tatu unaweza kukatwa na nchi moja, ile ya kwako. Kama una mstari unaokutia wasiwasi, rekodi toleo safi mapema na ulifanye hilo ndilo la redio kila mahali.

Kolabo na msanii wa nchi ile si njia ya mkato?

Ni njia nzuri kama naye ana sababu ya kuusukuma. Diamond alipotokea kwenye remiksi ya "Yope" ya Innoss'B wa Congo mwaka 2019, kisha akatoa "Waah!" na Koffi Olomide, naye wa Congo, Novemba 2020, kila upande ulipata soko ambalo haukuwa nalo. Lakini wengi hununua beti moja, wanapewa faili la sauti, na mgeni hata kuposti haposti. Kabla hujalipa, mkubaliane atakuwepo kwenye video, ataposti mara ngapi, na atafanya mahojiano mangapi mjini kwake. Gawaneni umiliki kwa maandishi. Kolabo isiyo na hayo ni jina tu kwenye kava.

Nimekusanya namba za mashabiki kwenye matamasha. Naweza kuwatumia wimbo?

Kama walikubali kutumiwa, ndiyo. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda 2021, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Usinunue orodha ya namba.

Congo mashariki tunafanyaje kwa sasa?

Kwa upole. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Benki na uwanja wa ndege wa Goma vilifungwa. Watu wa huko bado wanasikiliza muziki, tena sana, ila usiwatumie ratiba ya ziara ya furaha kana kwamba hujasikia habari. Waulize kwanza hali zao. Nguvu ya kampeni ya Kiswahili kwa Congo ielekeze Lubumbashi, na kwa Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili walioko Kampala, Nairobi, Bujumbura na Marekani, ambao wanawatumia ndugu zao linki kila siku.

Nina bajeti ndogo sana. Nikate wapi?

Kata safari. Mahojiano kwa simu yanakubalika siku hizi, na tiketi ya ndege moja inalipa mtu wa kule kwa wiki kadhaa. Kata mabango. Usikate picha nzuri, na usikate masta ya sauti: dijei hachanganyi wimbo ulio chini kwa sauti kuliko ule uliotangulia.

Nitajuaje wakati wa kuacha?

Wiki ya sita rudi kwenye takwimu zilezile za mwanzo. Miji uliyoilenga imesogea? Shazam zimeonekana? Kuna promota aliyeuliza bei yako bila kutafutwa? Likijibiwa ndiyo hata moja, ongeza wiki nne na uwarudie watangazaji walewale kwa jambo jipya: video, toleo la kinanda, mchezaji wa kule. Yote yakiwa hapana, acha nchi hiyo kwa wimbo huu. Mtu wako wa kule mlipe nusu yake iliyobaki kwa wakati, maana utamhitaji wimbo ujao.

Niwe na nini tayari kabla ya kumtafuta mtu yeyote?

Folda moja yenye linki moja isiyoisha muda. Ndani: wimbo kwa WAV na MP3, toleo safi, toleo lisilo na sauti ya mwimbaji, mashairi yaliyoandikwa bila makosa, picha mbili kubwa (ya kusimama na ya kulala) zenye ruhusa ya mpigapicha, wasifu wa maneno 150 kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, majina ya waliotunga na kutengeneza biti, ISRC, na namba ya simu ya mtu anayepokea. Kuhusu biti: kama uliikodi mtandaoni, soma mkataba kabla. Mmiliki akidai haki yake kupitia mfumo wa YouTube katikati ya kampeni, mapato ya video yanahamia kwake au video inashuka, na mtangazaji wa Kampala uliyembembeleza mwezi mzima atabofya linki akute ukurasa mtupu.